Barua za Mama Zilizogeuka Kitabu: Tathmini ya "Indian Cookery" ya Madhur Jaffrey

Nakala yangu ya kitabu cha Madhur Jaffrey kiitwacho Indian Cookery ina jalada laini na kurasa zilizogeuka rangi ya chai ya maziwa, na niliinunua kwa muuza vitabu vya mitumba anayetandaza bidhaa zake pembeni mwa barabara katikati ya jiji la Dar es Salaam. Kitabu hiki kilitolewa na BBC ya Uingereza mwaka 1982 ili kiandamane na vipindi vya televisheni vyenye jina hilohilo. Kwa miezi minne sasa nimekuwa nikikipika kila mwisho wa wiki, kwa jiko la gesi, sufuria za kawaida na kinu cha mbao, nikitaka kujua jambo moja: je, kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mpishi wa Birmingham au Glasgow ambaye alikuwa bado hajaishika iliki mkononi kinaweza kumfaa mtu aliyekulia pwani, aliyevuta harufu ya viungo hivyo kabla hajajua kuyatamka majina yake?

Kinamfaa, ingawa si kwa sababu nilizozitarajia. Nilidhani nitajifunza viungo, na viungo nilikuwa navijua. Nilichojifunza ni namna ya kulieleza pishi kwa mtu asiyekuwepo jikoni, na uwezo huo mwandishi hakuuzaliwa nao. Aliupata kwa shida, ndiyo maana haiwezekani kukipima kitabu bila kuigusa safari yake ya kazi.

Madhur Jaffrey alizaliwa Delhi tarehe 13 Agosti 1933, katika familia kubwa iliyoishi pamoja karibu na mto Yamuna, na katika nyumba ya namna ile kazi ya mtoto ilikuwa kula, si kupika. Alisoma chuo cha Miranda House, akafanya kazi katika redio ya taifa ya India, kisha katikati ya miaka ya 1950 akaenda London kusomea uigizaji katika chuo cha RADA. Alifika huko akiwa hajui kupika, akakuta chakula cha kantini ambacho ulimi wake ulikikataa, naye akamwandikia mama yake kumwomba mapishi. Mama alijibu kwa barua za ndege, kwa Kihindi, kila pishi likiwa na mistari michache tu: tia hiki, kaanga, kisha tia kile. Kipimo hakuna, muda hakuna. Mtu yeyote aliyewahi kumpigia mama yake simu kutoka ugenini akauliza maji ya pilau ni kiasi gani, akajibiwa "ya kutosha", anaielewa vizuri hali ya binti huyo mbele ya jiko la chumba cha kupanga.

Ilimbidi aijaze mianya ya barua zile kwa kumbukumbu ya ulimi: anapika, anaonja, anailinganisha ladha na ile ya nyumbani, anarudia. Kwa maoni yangu hapo ndipo kitabu hiki kilipoanza, miaka zaidi ya 20 kabla hakijachapishwa. Maelezo yake mazuri ni yale yanayojaza nafasi ambazo mama yake aliziacha wazi, yakimweleza msomaji kitunguu kinapaswa kufikia rangi gani, mbegu za bizari nyembamba zitatoa sauti gani zikigusa mafuta ya moto, na rojo la tangawizi na kitunguu saumu likaangwe mpaka lionekane vipi. Vitabu vingi vya mapishi humpa msomaji dakika na kumwacha hapo. Huyu anampa dakika, kisha anamwambia atazame nini endapo moto wake ni mkali au hafifu kuliko wa mwandishi, na kwa sisi ambao mtungi wa gesi ukikaribia kuisha moto hubadilika katikati ya pishi, maelezo hayo yana thamani kuliko dakika zenyewe.

Njia yake ya kufika kwenye televisheni ilikuwa ya mzunguko. Alihamia Marekani, akaolewa na mwigizaji Saeed Jaffrey, wakapata mabinti watatu, wakaachana. Mwaka 1965 aliigiza katika filamu ya Shakespeare Wallah, akashinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin. Mtayarishaji wa filamu hiyo, Ismail Merchant, alikuwa mjanja wa kuitangaza kazi yake, na kutokana na juhudi zake mwandishi wa chakula wa gazeti la New York Times, Craig Claiborne, aliandika mwaka 1966 kuhusu mwigizaji huyu anayejua pia kupika. Makala hiyo ilikusudiwa kuuza filamu, lakini ndiyo iliyofungua njia ya kitabu chake cha kwanza, An Invitation to Indian Cooking, kilichotoka mwaka 1973 chini ya mhariri Judith Jones, yule yule aliyekuwa amekisimamia kitabu maarufu cha Julia Child kuhusu mapishi ya Kifaransa. Kwa hiyo BBC ilipomweka mbele ya kamera, ilikuwa imepata mtu mwenye fani mbili mkononi: anajua kupika, na anajua mtazamaji anatazama wapi. Anaposhika jani la kotmiri huonekana kama mtu anayeshika kitu chenye maana katika hadithi.

Kotmiri hiyo, ambayo wengine huiita giligilani na wengine dania, ndiyo iliyompa sifa. Inasimuliwa kwamba baada ya kupika kuku wa limau na kotmiri kwenye televisheni, majani hayo yaliisha madukani katika jiji la Manchester. Nilianza na pishi hilo kwa sababu ya kisa hicho, nami nakiri kwamba nilianza kwa mashaka, maana kotmiri kwetu ni fungu la bei ndogo ambalo muuza mboga wakati mwingine hukuongezea bure.

Pishi lenyewe ni jepesi. Vipande vya kuku hukaangwa mpaka vipate rangi, vikatolewa. Katika mafuta yaleyale hukaangwa kitunguu saumu na tangawizi iliyosagwa, hutiwa kotmiri nyingi iliyokatwakatwa, pilipili mbichi, bizari nyembamba, mbegu za kotmiri za unga, manjano na pilipili ya unga, kisha kuku hurudishwa pamoja na maji kidogo na maji ya limau, sufuria ikafunikwa. Kitabu kinamwivisha kuku kwa kiasi cha nusu saa baada ya kufunikwa. Kwa kuku wa kisasa hesabu hiyo ni sahihi kabisa. Kwa kuku wa kienyeji niliyemnunua Jumamosi ya pili ilikuwa mzaha: nusu saa ilipokwisha, nyama ilikuwa bado inaugomea uma, na nililazimika kuongeza maji mara mbili na kungoja saa moja na robo. Madhara yake hayakuishia kwenye muda tu. Kotmiri ikipikwa muda wote huo hupoteza rangi na harufu, na mchuzi ambao ulipaswa kuwa wa kijani kibichi ukatoka kama mboga ya jana. Mara ya tatu nilimchemsha kuku kwanza mpaka alainike nusu, nikaendelea na maelezo ya kitabu kwa kutumia supu yake badala ya maji, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu wa Manchester waliyamaliza majani yale. Uchachu wa limau unaipoza pilipili, manjano yanakaa nyuma kwa adabu, na kotmiri inakuwa mboga yenyewe wala si pambo la juu. Tahadhari moja: kitabu kinataka limau, nasi mara nyingi tunashika ndimu kwa kuwa ndiyo iliyo karibu. Ndimu ni kali zaidi, basi ipunguzwe.

Upande wa nyama nyekundu mambo yamegeuka kwa namna iliyonifurahisha. Kitabu kinapika kwa nyama ya kondoo, kwa sababu hiyo ndiyo iliyopatikana katika mabucha ya Uingereza, lakini nyama ambayo Delhi yenyewe huipika kwa kawaida ni ya mbuzi. Kwa maneno mengine, mwandishi alihama kutoka kwa mbuzi kwenda kwa kondoo ili amfuate msomaji wake, na msomaji wa Dar es Salaam anapomrudisha mbuzi sufuriani anakaribia asili kuliko kitabu chenyewe. Nilipika nyama na viazi kwa mtindo wa Delhi, pishi ambalo mtu wa kwetu akiliona atasema ni mchuzi wa mbuzi tu, na hatakuwa amekosea sana: vitunguu, nyanya, kitunguu saumu, bizari, manjano, pilipili, viazi. Tofauti iko katika ukaangaji. Sisi wengi hutia nyanya, tukazifunika, zikalainika, tukatia maji. Yeye anamlazimisha mpishi kusimama na mwiko, moto ukiwa mkali, akikoroga nyama pamoja na nyanya na viungo mpaka majimaji yakauke, mchuzi uwe mzito na uishike nyama, ndipo maji yaingie. Ni robo saa ya jasho. Niliifanya kwa kunung'unika, na tangu siku hiyo sijaupika mchuzi wa mbuzi kwa njia yangu ya zamani. Viazi nilivitia mwishoni, kwa sababu mbuzi wetu anataka muda mrefu na viazi mbatata vingeyeyuka.

Mengine nitayapitia kwa kifupi. Bilinganya ya mtindo wa achari, ambayo anasema asili yake ni hoteli ya Lake Palace ya Udaipur, hutumia shamari na habasoda, na ni tamu kweli, ila inakunywa mafuta bila aibu, na ushauri wake wa kuichuja katika chujio kabla ya kupakua usipuuzwe. Kunde na uyoga ni pishi ambalo sikuwahi kulifikiria, kwani kwetu kunde huandamana na nazi. Kijiti cha mdalasini ndani ya kunde kilinishangaza, na watoto wa jirani waliomba tena. Kwa bei ya uyoga hapa mjini, hata hivyo, hilo si pishi la kila wiki. Wali wa basmati unaolowekwa nusu saa unatoka punje kwa punje, lakini mtu akifuata kipimo hichohicho cha maji kwa mchele wa Kyela atapata bokoboko. Na anayetafuta chapati zetu asizitafute chini ya neno chapati: chapati ya kitabu ni mkate mkavu wa unga na maji unaovimba juu ya moto, ilhali hii yetu ya kukunja na mafuta ni binamu wa karibu wa paratha, ambayo nayo imo.

Kuhusu kitabu kama chombo cha kazi, sina malalamiko makubwa. Vipimo vimetolewa kwa gramu na kwa aunsi, tangawizi inapimwa kwa inchi, jambo ambalo mwanzoni nililiona la ajabu, kisha nikaona lina busara kwa kuwa hakuna apimaye tangawizi kwenye mizani nyumbani. Sura za mwanzo zinaeleza viungo kimoja kimoja na vifaa, zikipendekeza mashine ya umeme ya kusagia kahawa kwa ajili ya viungo vikavu na blenda kwa ajili ya tangawizi na kitunguu saumu. Mwenye kinu na mchi wake asihangaike kununua. Garam masala yake ina iliki nyingi, mdalasini, karafuu, pilipili manga na kungumanga, na ukiiondoa bizari nyeusi, vyote hivyo mtu wa Zanzibar anaweza kuvitaja huku akikuonyesha miti na mitambaa yake. Niliisaga kidogo kidogo kama anavyosisitiza, kwa sababu ikikaa mwezi mzima huwa vumbi lenye rangi tu.

Sasa mapungufu. La kwanza ni kwamba kitabu kina macho ya Delhi. Wahindi ambao upishi wao umeingia katika nyumba zetu, walioleta bhajia, kachori na chatne mpaka zikauzwa nje ya milango ya shule, walitoka zaidi Gujarat na Kutch, na wengine Punjab na Goa. Kitabu kina mapishi machache ya Kigujarati, kama maharage mabichi na kachumbari ya karoti yenye mbegu za haradali, lakini uti wa mgongo wake ni upishi wa kaskazini, wenye vitunguu vingi, mtindi na nyama. Anayetarajia kukutana na ladha ya jirani yake wa Upanga au ya Mji Mkongwe ataona anaongea na ndugu wa mbali. Mwandishi mwenyewe alilipunguza pengo hilo baadaye: mwaka 1985 alitoa A Taste of India, inayokwenda jimbo kwa jimbo, na mwaka 1995 akarudi kwenye televisheni na Flavours of India.

Lakini upungufu ulioniuma ni ukimya kuhusu sisi. Kipindi kiliporushwa mwaka 1982 ilikuwa imetimia miaka 10 tangu Idi Amin awafukuze Waasia wa Uganda, na maelfu kwa maelfu yao walikuwa wamekwisha kukaa Uingereza, Leicester ikiwa mojawapo ya miji iliyowapokea wengi. Baadhi ya maduka ambayo mtazamaji wa Kiingereza aliyakimbilia kutafuta iliki na manjano yaliendeshwa na watu waliojifunza biashara hiyo Kampala, Jinja au Nairobi, na waliokula mihogo ya nazi utotoni. Hadithi hiyo haimo katika kitabu hiki. Ilimchukua mwandishi mpaka mwaka 2003, katika kitabu kikubwa kinachofuata mchuzi wa Kihindi ulivyosafiri duniani, kuifikia Kenya pamoja na Trinidad, Guyana na Afrika Kusini. Kichwa cha kitabu hicho kinabeba neno "curry", jambo linalochekesha kidogo, kwa sababu katika kitabu cha mwaka 1973 alikuwa amelishambulia neno hilohilo, akisema linaushushia hadhi upishi wa India kama jina la "chop suey", pishi la mchanganyiko la migahawa ya Kichina ya Marekani, linavyoushushia ule wa China. Simlaumu kwa kubadilika. Kinachonivutia ni kwamba alilikubali neno pale alipokubali pia kwamba chakula cha Kihindi kilikuwa kimekwisha kuzaa watoto nje ya India, na watoto hao hawaombi ruhusa Delhi. Bizari ya mchuzi iliyomo kwenye kopo la kila duka la Mangi ni mmoja wao.

Kuna uhusiano mwingine na upande wetu ambao sikuutegemea. Mwaka 2019, akiwa na miaka 85, Jaffrey alionekana katika video ya wimbo wa kufokafoka uitwao Nani, akiigiza bibi mwenye maneno makali asiyeogopa mtu. Kwa Kihindi nani ni bibi mzaa mama. Kwa Kiswahili ni swali. Mwenye wimbo, aliyejiita Mr. Cardamom, yaani Bwana Iliki, ni Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala ambaye mwaka 2025 alichaguliwa kuwa meya wa New York. Mwaka huohuo wa video bibi huyu alitoa kitabu cha mapishi ya sufuria ya umeme ya presha, na tuzo zikaendelea kumfuata: Padma Bhushan ya serikali ya India mwaka 2022, na tuzo ya James Beard ya kazi ya maisha mwaka 2023. Mwenyewe amekuwa akijitambulisha kwanza kama mwigizaji, na mtu akiutazama uso wake katika video ile atamwamini.

Je, kitabu kinunuliwe? Kwa anayesoma Kiingereza na anayepika nyama na mboga kila siku bila kufurahia tena anachokipika, ndiyo, na nakala ya zamani inatosha. Kwa anayetaka mapishi ya nazi, samaki wa kupaka na vitafunwa vya jioni, hapana, atakuwa amepotea njia. Kwa mpishi wa hoteli au mgahawa ni rejea nzuri ya misingi ya kaskazini mwa India, mradi avikuze vipimo mwenyewe, kwa kuwa vingi ni vya watu wanne hadi sita.

Nakala yangu ilikuja na kitu cha ziada ambacho mnunuzi wa nakala mpya hatakipata. Mmiliki wa kwanza, ambaye simjui, alikuwa akiandika pembeni kwa penseli. Katika ukurasa wa nyama na viazi amelikata neno "lamb" kwa mstari mmoja na kuandika juu yake, kwa herufi za kulala, "mbuzi". Katika ukurasa wa kuku ameandika "limau 1 tu!" na alama ya mshangao. Chini yake nimeongeza kwa kalamu yangu: "kienyeji, chemsha kwanza."